Wapenzi wa Scrabble na michezo ya herufi: tujifunze kwanza maneno ya herufi mbili na tatu

MchongaHerufi, Moshi

Wanajamvi, nawasalimu nyote.

Mimi nafanya kazi katika duka la kukodisha mahema, majaketi na viatu vya kupandia mlima hapa Moshi, na kila masika, wageni wanapopungua, waongoza watalii na wapagazi hukaa kwenye kibaraza chetu wakisubiri mvua ikatike. Zamani walicheza bao na karata. Siku hizi wanacheza Scrabble, mchezo wa kupanga vipande vya herufi ubaoni ili kuunda maneno ya Kiingereza na kupata alama. Ubao tuliachiwa na mgeni aliyeshuka mlimani miaka michache iliyopita, lakini vipande vyake vilikuwa pungufu, kwa hiyo seremala mmoja wa Majengo alitukatia vipya kutoka kwenye mabaki ya mbao za mgrivilea, nami nikavipiga msasa na kuandika herufi na alama zake kwa kalamu ya maka, kimoja baada ya kingine, mpaka vikatimia 100: 98 vya herufi na 2 vitupu. Kazi hiyo ilinifunza mengi. Nilipoandika E mara 12, A mara 9 na I mara 9, kisha Q, Z, J, X na K mara moja moja tu, ndipo nilipoelewa kwa nini msanifu majengo wa Marekani aliyeubuni mchezo huu katika miaka ya 1930, Alfred Butts, alianza kwa kuhesabu herufi katika magazeti ya Kiingereza kabla ya kuzipangia idadi na thamani.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni mechi moja ya mwezi wa nne. Nilikuwa mbele, mfuko wa kitenge umekwisha vipande, na mkononi nimebaki na Q peke yake. Tangu shule ya msingi niliambiwa kwamba Q haitembei bila U, nami niliamini hivyo kabisa, kwa hiyo zamu tatu mfululizo nilitafuta U ilhali U zote 4 zilikwisha kulala ubaoni. Mwenzangu akamaliza vipande vyake, nami bado nikiwa mbele kwa alama 12. Kwa kanuni, thamani ya herufi inayokubakia hutolewa kwako na huongezwa kwa aliyemaliza, basi nikapunguziwa 10, yeye akaongezewa 10, na mechi niliyokuwa nimeishika nikaipoteza kwa alama 8. Kijana mmoja mpagazi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akila muhindi, akakichukua kipande changu cha Q taratibu na kukiweka mbele ya I iliyokuwa wazi karibu na pembe ya ubao. QI. Ni neno lenye asili ya Kichina, linalotaja nguvu ya uhai, na ni halali. Alilijua kutokana na mchezo wa simu.

Hoja yangu ni moja. Sisi tunaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu tunakimbilia kukariri maneno marefu tukidhani ndiyo yanayoonyesha ujuzi, na tunayaacha maneno mafupi ambayo ndiyo bawaba za mchezo mzima. Orodha ya maneno halali ya Collins, inayotumika katika mashindano ya nchi nyingi nje ya Marekani na Kanada, ina maneno 127 tu ya herufi mbili, na ile ya Marekani ina 107. Mtu akijifunza matano kwa siku, orodha ya Collins nzima inamalizika kabla ya mwezi kwisha.

Kuna jambo ambalo sijaliona likielezwa popote kwa msemaji wa Kiswahili, nalo ni kwamba lugha yetu yenyewe inatusaidia mahali fulani na kutuziba macho mahali pengine. Tuchukue herufi tano: T, A, E, R, I. Mswahili akizitazama, jicho lake hupanga konsonanti kwanza na irabu nyuma yake, kwa sababu ndivyo silabi zetu zilivyo, kwa hiyo ataona upesi TA, TE, TI na RE. Hapo atanyamaza. Lakini ukigeuza, irabu mbele na konsonanti nyuma, unapata AT, ET, IT, AR na ER, na ukikutanisha irabu kwa irabu unapata AE, AI na EA. Jumla ni maneno 12, na manne tu ndiyo yaliyo na umbo la silabi yetu. Ndiyo maana ninawashauri wenzangu kutenga irabu upande wa kushoto wa kibao cha kushikia herufi na konsonanti upande wa kulia, kisha kuzijaribu kwa makusudi kwenda na kurudi, badala ya kuusubiri ubongo uletewe neno kama njozi. Kutoka hapo herufi tatu huja zenyewe: irabu ikikaa katikati kuna RAT, TAR na RET, ikikaa mbele kuna ART, ARE, AIR, AIT, IRE na ERA, zikikaa mbili nyuma kuna TEA, TIE na RIA. Kisha RATE, TIER, RITE, na mwisho IRATE inayomaliza zote tano.

Kwa upande mwingine, hatuna sababu ya kuogopa maneno yasiyo na irabu. Anayesema mtu, mbu na mchele kila siku anajua kwamba M inaweza kusimama silabi peke yake, kwa hiyo HM na MM zisimshangaze. Ongeza SH, na katika orodha ya Collins ST na CH. Hayo ndiyo yanayokuokoa siku mkono wako umejaa konsonanti tupu. Ukijaliwa V, fahamu kwamba hakuna neno hata moja la herufi mbili lenye V, hivyo usiiache ikakaa nawe mpaka mwisho.

X ni herufi ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa kila irabu inakubali kukaa nayo: AX, EX, OX, XI, XU. Nitaeleza kwa mfano uliotokea kibarazani kwetu. Ubaoni palikuwa na neno HOME limelala kwa mlalo, na chini yake pako wazi. Mchezaji alikuwa na A, X, E na D. Angeweza kulitafutia neno AXED sehemu nyingine akapata alama 12 hivi, lakini yeye aliliweka moja kwa moja chini ya HOME, herufi chini ya herufi, na kwa wima yakazaliwa HA, OX, ME na ED. Maneno matano kwa mkupuo mmoja: 12 za AXED, 5 za HA, 9 za OX, 4 za ME na 3 za ED, jumla 33 hata kabla ya kuhesabu miraba ya rangi inayozidisha alama. X ililipwa mara mbili. Asiyejua kwamba ED ni neno halali hawezi kuuona mpango huo, hata awe na msamiati wa profesa.

Karibuni tuchangie.

MwalimuNjiro, Arusha

Mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo yaliyopangika. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na nina wasiwasi ninaotaka uujibu kwa uzito wake. Wanafunzi wangu wakikariri OE, XU na AE bila kujua maana, wamejifunza nini? Katika mtihani wa taifa hakuna atakayewauliza XU. Nimeshuhudia kijana anayejaza ubao kwa maneno ya ajabu lakini barua ya maombi ya kazi haandiki ikaeleweka. Sisemi mchezo ni mbaya. Nauliza kama njia hii ya orodha inajenga lugha au inajenga kumbukumbu tu.

MchongaHerufi, Moshi

Mwalimu, swali lako ni la haki, na nitakukubalia sehemu yake bila kuzunguka. Kujua maneno ya mchezo na kujua lugha ni mambo mawili tofauti. Ushahidi mkubwa ni Nigel Richards wa New Zealand, ambaye mwaka 2015 alishinda ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa ilhali Kifaransa hakizungumzi, na mwaka 2024 akashinda ule wa Kihispania kwa namna hiyohiyo. Kwake maneno yalikuwa maumbo.

Hata hivyo, mimi sitaki vijana wa kibarazani wawe hivyo, na ndiyo sababu nina daftari la kurasa 96 ambalo kila neno limeandikwa pamoja na maana yake kwa Kiswahili. Nimegundua kwamba maana ndiyo inayolifanya neno likae. Chukua AA. Hapa Moshi kila mkulima wa kahawa anaijua AA, kwa kuwa ndiyo daraja la punje kubwa, lakini kamusi haikubali herufi za madaraja wala vifupisho. AA ya kamusi ni lava iliyoganda ikawa na uso wa mawe makali, neno la watu wa Hawaii. Nilipomweleza hivyo mwongozaji mmoja ambaye amepanda mlima wa volkano tangu ujana wake, hakulisahau tena. Vilevile AI: vijana wote walidhani ni ile akili ya kompyuta, kumbe ni mnyama wa Amerika mwenye vidole vitatu, ambaye karibu maisha yake yote huning'inia mitini na hutembea polepole mno. OE ni upepo wa kimbunga wa visiwa vya Faroe. AIT ni kisiwa kidogo katikati ya mto. RET ni kuloweka mimea ya nyuzi ili ilainike, jambo ambalo wazee wetu walilifanya kwa magome bila kulijua jina lake la Kiingereza. Mwanafunzi wako akiandika hayo 127 na maana zake, atakuwa amepita jiografia, muziki, alfabeti ya Kigiriki na vyakula, na hatakuwa amepoteza muda wake.

NjiaYaMachame, Moshi

Ndugu zangu, mimi ni mmoja wa wanaokaa kwenye kibaraza hicho, na kwa heshima zote napingana na mleta uzi. Anayetumia vipande vyote 7 kwa zamu moja huongezewa alama 50. Neno moja refu linaweza kufuta maneno mafupi manne ya mwenzako. Kwa nini nitumie nguvu zangu kwenye vijineno vya alama 9 wakati 50 zinanisubiri?

MchongaHerufi, Moshi

Ndugu yangu wa Machame, 50 hizo ni kweli, nami huzitamani kama wewe. Lakini tazama mambo mawili. La kwanza, neno la herufi 7 linahitaji mahali pa kulala, na ubao wa miraba 15 kwa 15 ukishaanza kujaa, mara nyingi mahali pekee palipobaki ni kandokando ya neno jingine, ambako kila herufi yako itagusana na ya jirani. Usipoyajua maneno ya herufi mbili, neno lako refu litabaki mkononi. Wiki iliyopita wewe mwenyewe ulishika neno zuri sana dakika nzima, ukalirudisha kibaoni kwa kukosa pa kuliweka, nami nilikuwa naona nafasi yake pembeni mwa neno lililokuwapo.

La pili ni mfano wa Mwafrika mwenzetu. Mwaka 2015, mjini Perth nchini Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza, akimshinda Mwingereza Lewis MacKay michezo minne kwa bila katika fainali. Wanaijeria walijulikana kwa mbinu ya kutokimbilia kila neno refu lililopo: wanacheza neno la urefu wa kati au fupi linalolipa vizuri, huku wakibakiza mkononi herufi zinazochanganyika kirahisi na kutomfungulia mpinzani njia. Hiyo si kukataa neno refu. Ni kulisubiri likiwa na thamani yake kamili.

BintiKiborloni, Moshi

Shikamooni wakubwa. Mimi sichezi Scrabble ya ubao. Nacheza ule mchezo wa simu unaopewa herufi sita au saba kwenye duara, unaziunganisha kwa kidole ili kujaza miraba. Maneno ya herufi tatu ndiyo yanayonisumbua zaidi, kwa sababu yanakuwa mengi na mchezo haukuambii umesahau lipi. Je, kuna utaratibu? Na je, ni vibaya kutumia zile programu za intaneti ambazo unaandika herufi zako nazo zinakupa majibu yote?

MchongaHerufi, Moshi

Marahaba, binti yangu. Kwa herufi tatu, usianze upya. Lichukue neno la herufi mbili uliloliona tayari, ulibishie hodi mbele na nyuma. Neno AT peke yake, likiongezwa herufi moja mbele, linazaa BAT, CAT, EAT, FAT, HAT, MAT, OAT, PAT, RAT, SAT, VAT na mengine, pamoja na KAT na QAT, ambayo yote mawili ni mirungi ile mnayoisikia kwenye taarifa za polisi. Likiongezwa nyuma linatoa ATE. Ukilizoea neno moja kwa namna hiyo, utaona kwamba huna haja ya kukumbuka mamia ya maneno. Unakumbuka milango michache, na kila mlango una watu wake.

Kuhusu programu, mtazamo wangu ni huu: kuitumia wakati mchezo unaendelea na mwenzako ni kumdhulumu, lakini kuitumia baada ya kumaliza ili kuona ulichokikosa ni masomo. Ziandike kwanza zako kwenye karatasi, kisha fungua programu, kisha piga mstari chini ya zile ulizozikosa. Mimi nilizoea kukosa zilezile wiki hadi wiki, hasa zinazoanza na irabu, na bila karatasi nisingelijua hilo. Kumbuka pia kuangalia programu inatumia orodha ipi, kwa sababu ZO, EA na CH ziko kwa Collins na haziko kwa Marekani.

MzeeWaNgarenaro, Arusha

Nawasalimu wote. Nimesoma kisa cha Q kwa masikitiko, kwa maana mleta uzi aliteseka na herufi ambayo sisi tuliopita madrasa tunaijua tangu utotoni. Kiingereza kimeazima maneno mengi ya Kiarabu na kuyaandika kwa Q isiyofuatwa na U, na karibu yote tunayo katika Kiswahili kwa sura nyingine. QADI ndiye kadhi. QIBLA ni kibla. TALAQ ni talaka, WAQF ni wakfu, FAQIR ni fakiri, NIQAB ni nikabu. SUQ ni soko, na hapo Q imekaa mwisho kabisa. Yote yamo katika orodha ya Collins. Mjukuu wangu aliyapitia moja moja mbele yangu. Kwa hiyo Mswahili asiambiwe kwamba maneno haya ni magumu. Ni ya nyumbani, yamevaa kanzu ya ugenini.

MchongaHerufi, Moshi

Shikamoo mzee wangu. Umenifungua macho kwelikweli, na orodha yako nimeinakili kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Nami niongeze yale yaliyotoka kwetu moja kwa moja: Collins inakubali BOMA, DUKA, MZEE, UGALI, UHURU na SHAMBA. MZEE ina alama 15 kwa herufi nne tu. UGALI inakuondolea U, A na I kwa mpigo mkono unapokuwa umejaa irabu, na UHURU inakumalizia U tatu, jambo ambalo maneno machache sana ya Kiingereza yanaweza.

Ila tahadhari moja kwa sisi sote, kwa sababu mazoea haya yamewagharimu watu zamu. Vihusishi vyetu vingine vimepata bahati ya kufanana na maneno ya Kiingereza na vingine havikupata. YA, LA, ZA, PA, NA na CHA zinakubalika, kila moja kwa maana yake ya Kiingereza. ZA, kwa mfano, ni piza kwa mkato. WA, VYA na KWA hazikubaliki, wala NI.

BintiKiborloni, Moshi

Nimejaribu utaratibu wa kugeuza kwenda na kurudi kwa herufi zilizonishinda jana: A, I, K, N, T, U, W. Za herufi mbili nimepata AI, AN, AT, AW, IN, IT, KA, KI, NA, NU, TA, TI, UN. Za tatu nimepata KIT, INK, KIN, WIN, WIT, TAN, ANT, NUT, TIN, KAT, WAN, na za nne KNIT, UNIT, TWIN, WAIT, WANT, TANK. Nilitaka kuandika WA nikajizuia.

MchongaHerufi, Moshi

Safi sana. Za herufi mbili ziko 14 na umekosa moja tu, UT, ambayo ni jina la kale la noti ya kwanza ya muziki. Za tatu bado unazo kama AWN, TWA na ANI. Lakini kuna moja ningependa uitazame kwa karibu, kwa sababu kila Mswahili huisoma kwa lugha yake na kuipita: UTA. Kwetu ni silaha ya kurushia mishale; kwao ni mjusi mdogo wa Amerika ya Kaskazini.